Kiraka na Mlango Wake wa Kijani

Kila asubuhi mzee hutoka na kikombe cha chai, hufungua mlango wa kijani, huingia garini na kuufunga. Gari haliendi popote. Hukaa kiti cha abiria, kiti chake cha miaka ishirini, hunywa chai mpaka aone chini ya kikombe, kisha hushuka. Kiti cha dereva hubaki kitupu. Huu ni mwezi wa nne.

Majirani wamezoea. Wapita njia humtania, "Mzee, safari ya wapi leo?" Naye huwajibu, "Tunapasha moto kwanza." Wanacheka, wanapita. Injini yenyewe haijawaka tangu mke wake azikwe.

Mzee huyu alikuwa mpaka rangi. Kusoma hajui, kuandika hajui. Jina lake hulitambua kwa umbo, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo. Lakini msimamishe mbele ya ukuta, atakwambia umepakwa mara ngapi, na aliyeupaka mara ya mwisho alikuwa fundi au alikuwa na haraka ya kwenda kula. Shule ni mkono wake, zahanati ni mkono wake, maduka mengi ya barabara kuu pia. Watu walimwita Mzee Brashi. Maneno hakuwa nayo. Mke wake ndiye aliyekuwa nayo, tena ya kuwatosha wote wawili na akiba juu.

Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule. Gari alilinunua yeye, kwa jasho la cherehani yake. Alilikuta kwenye yadi ya magari, nyuma kabisa, limesukumwa ukutani kama mtoto wa kambo, mbele yake magari makubwa yanameremeta.

"Nataka lile," alisema.

Muuzaji aligeuka kutazama. "Lipi? Lile? Mama, lile hata mimi huwa nalisahau."

"Vizuri. Basi hutalililia."

Lilikuwa dogo. Rangi yake ilikuwa nyeupe iliyochoka. Mwizi angelipita akalionea huruma. Lakini humo waliingia baba, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, marobota ya vitambaa, ndoo za rangi, na juu yake ikafungwa ngazi ndefu kuliko gari lenyewe. Majirani waliuliza kama gari ndilo lililobeba ngazi au ngazi ndiyo iliyobeba gari. Lilipeleka watoto shule na sare dukani. Lilipeleka wagonjwa wa mtaa mzima zahanati, na wengine wakarudi wawili walipokwenda mmoja, na kichanga kikalilia humohumo. Watoto wakitaka kubaki garini baada ya kufika, mama aliwafukuza. "Shukeni! Gari si sofa."

Mzee alijaribu kujifunza kuendesha siku moja. Alianza kwa kuikanyaga ndoo yake mwenyewe ya rangi nyeupe, ndoo nzima, ua wote ukawa kama umemwagikiwa maziwa. Akazima, akashuka, akamkabidhi mke ufunguo.

"Mimi ni mtu wa ngazi," alisema. "Ngazi haikimbii."

Tangu siku hiyo akawa abiria.

Jina la Kiraka lilikuja baada ya miaka miwili. Mzee alirudi kutoka kazini jioni akakuta mlango wa upande wake umebonyea ndani kama sufuria iliyoangushwa. Mke alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Nimegonga nguzo ya geti la shule," alisema. "Usiniulize nilikuwa natazama wapi."

Hakumuuliza. Alicheka. Yeye ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, siku hiyo alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Fundi wa bodi aliunyoosha mlango kwa nyundo. Fundi aupake na rangi, mzee akakataa katakata. Apelekewe mtu mwingine kazi ya rangi, yeye akiwa hai? Alikuwa na nusu kopo la rangi ya mafuta iliyobaki zahanati, kijani cha wodi. Akaupiga msasa, akaupaka kwa brashi mara mbili, mikono miwili safi ya rangi.

Ukiwa mbali haukuwa mbaya. Ukisogea, mistari ya brashi unaihesabu. Watoto wakaanza kuomba washushwe kwenye kona, wasionekane getini. Mtaa ukaliita gari Kiraka, na likaitika.

Mke naye akapata jina lake, kutoka kwa mumewe. Dereva wa Nguzo. Mzee hakuwa na mizaha mingi, kwa hiyo huo alioupata aliutunza. Miaka kumi na minane. Wakikaribia nguzo yoyote, ya umeme, ya duka, ya nini, atakohoa kidogo.

"Mwenzangu, nguzo ile, umeiona?"

"Nimeiona. Nayo imekuona wewe, inauliza huyu mzee kwa nini haendeshi mwenyewe."

Basi. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya njiani, na yaliwatosha.

Kitu kingine kilianza wiki ileile ya mlango. Mke alianza kuvua kiatu cha kushoto kila alipoingia garini. Cha kulia hakukivua. "Mguu wa klachi lazima uone," alisema. Ataingiza mguu mtupu, goti lake litalia tik, atatikisa gia, atawasha. Wakifika, tena tik, ndipo avae kiatu.

"Hilo goti linataka grisi," mzee alimwambia.

"Lipake rangi. Si ndiyo dawa yako ya kila kitu?"

Na siku ya mwisho alijiendesha mwenyewe kutoka zahanati. Alikiegesha Kiraka palepale ukutani, goti likalia, akavaa kiatu, akaingia ndani kulala. Walipombeba kwenda hospitali kubwa, walimbeba kwa gari la watu.

Jumapili moja mtoto wa kiume alikuja. Ni mkuu wa ghala, mtu wa shati la kunyooka, na si mtoto mbaya. Hakuja peke yake, alimleta fundi wa injini, kijana mmoja wanayemwita Spana. Spana aliondoka na betri, akarudi nayo jioni imechajiwa, akafunga, akapiga ufunguo. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikakataa kushika.

"Pampu ya mafuta imekufa," alisema, akifuta mikono. "Na pampu ya kidude hiki, bosi, utaitafuta mpaka uote mvi. Kikifia hapa kimekufa vizuri."

Mtoto alimgeukia baba yake. "Baba, mimi naona hivi. Jumamosi nije na mnunuzi wa vyuma, akipakie. Kinaoza tu hapa, na wewe huendeshi. Unasemaje?"

Mzee hakusema kitu.

"Haya. Jumamosi basi."

Hapo ndipo mzee alipoona ukubwa wa msiba wake. Katika nyumba ile, kimya chake kilikuwa cha aina mbili. Kilikuwepo kimya cha ndiyo na kimya cha hapana, na ni mke wake tu aliyejua kuvitenganisha. Angekuwepo, angesema, "Wewe, huoni baba yako amekataa?" Sasa mkalimani ameondoka, na mzee kubadilisha ulimi kwa umri ule hakuweza. Alitaka kusema, niachieni. Akatafuta neno lenyewe, na kabla hajalipata watu walikuwa wameshaaga.

Alhamisi alitoka kwenda kutoa vitu vya marehemu garini. Havikuwa vingi. Kijaluba cha sindano, vibiringo viwili vya uzi mweupe, pipi zilizoshikana na karatasi zake. Futi ya kitambaa ya kupimia nguo, ile aliyokuwa akiivaa shingoni, hakuiona. Akainama, akaiona ncha yake chini ya kiti cha dereva.

Alizunguka upande wa pili, akafungua. Alikuwa hajakaa kiti hicho tangu siku ya ndoo. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, kwa miguu mifupi ya mwenyewe, na magoti ya mzee yakagonga usukani. Bila kufikiri, kama mtu anayeingia chumba cha watu, alivua kiatu. Cha kushoto.

Akapitisha mkono chini ya kiti, akaivuta futi. Mguu wake ukajisogeza kutafuta pa kukaa, pembeni mwa klachi, juu ya zulia. Mguu wa mpaka rangi una akili yake. Miaka arobaini umesoma vidato vya ngazi bila msaada wa macho. Ukakuta kitu chini ya zulia. Kivimbe, kama kofia ya chuma ya kidole cha mshonaji.

Akakikanyaga kwa kidole gumba.

Tik.

Mzee aliganda na futi mkononi. Sauti hiyo aliijua kuliko sauti yake mwenyewe. Aliisikia kila asubuhi, kila jioni, miaka kumi na minane, akiipa jina la goti.

 Kisha akatikisa gia kama alivyomwona akifanya, akageuza ufunguo. Kiraka kikakohoa, kikatetemeka, kikawaka. Kilinguruma palepale ukutani kwa sauti yake ya zamani ya cherehani kuukuu. Mzee aliogopa, akazima harakaharaka, kama mtu aliyemwamsha aliyelala.

Swichi ya siri. Wenye magari ya maana huiweka, gari lisiwake bila wao, kwa kuogopa wezi. Lakini nani angeiba Kiraka? Hata milango hawakuwa wakiifunga kwa ufunguo. Alifikiri mpaka jua likahama upande wa pili wa ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale. Mwizi wa Kiraka hakutoka mbali.

Akachukua simu. Namba za watu wake zimewekwa kwa tarakimu, kwa kuwa majina hayasomi. Mbili ni mtoto wa kiume. Tatu ni kitindamimba, mtoto wa kike, mwalimu wa watoto wadogo. Moja bado ni ya yule mwingine. Hajui kuifuta, na hajamwomba mtu amwoneshe. Akabonyeza tatu.

"Shikamoo baba. Kuna nini? Wewe hupigi simu."

"Marahaba. Kiraka kimewaka."

"Kimewaka? Nani kakiwasha?"

"Mimi."  Akajilazimisha tena. "Kuna swichi chini ya zulia. Mama yako alikuwa akiikanyaga kwa kidole. Ndiyo maana ya kile kiatu."

 Kisha akasikia mwanawe anacheka, kicheko cha kuishiwa pumzi, na katikati ya kicheko akasikia kinageuka.

"Mama yule!" alisema kitindamimba. "Kumbe ndivyo alivyomkomesha!"

"Alimkomesha nani?"

"Baba. Baba, kumbe hujui?"

"Nijue nini?"

"Ule mlango." Alivuta pumzi. "Si mama aliyegonga. Ni kaka. Alikuwa anakichukua mchana, wewe uko juu ya ngazi, mama yuko kwenye cherehani na kelele zake. Anawapandisha wenzake, wanatoroka shule. Siku ile alikigonga kwenye ukuta wa kiwanda. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa homa, nikamwona anarudi nacho, analia. Mama alinishika hivi, akaniambia, wewe hujaona kitu. Nikawa sijaona kitu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemfanya nini kaka?"

Mzee aliitazama mikono yake. Wakati ule alikuwa na mikono mizito na maneno machache. Alijua angemfanya nini.

"Mama alisema mtoto wa miaka ile ukimvunja mbele ya baba yake haungiki tena. Baada ya hapo kaka akawa anajaribu kuwasha, gari halitaki. Anarudi anazubaa. Mama anamwambia, 'Lilikusumbua nini? Waya umelegea tu.' Tena usoni, anacheka! Mimi nilidhani kweli lilikuwa bovu. Baba? Uko?"

"Nipo."

Alipokata simu, alibaki amekaa kwenye kiti cha mke wake, mguu mmoja mtupu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na yeye alijiona kata miaka yote hiyo, kumbe alikuwa kifuniko tu. Kilichomuuma si hicho. Kilichomuuma ni nguzo. Ile nguzo ya geti la shule aliipaka rangi mwenyewe, mwaka uleule, likizo ya mwisho wa mwaka. Aliipiga msasa kutoka juu hadi chini kwa kiganja chake. Haikuwa na jeraha. Haikuwa hata na mkwaruzo. Jicho lililosoma kila ukuta wa shule ile halikusoma nguzo moja, kwa sababu mwenye jicho alikuwa ameshapenda mzaha wake.

Dereva wa Nguzo. Miaka kumi na minane, na mke hakulikataa jina hilo hata mara moja. Na sasa pa kupeleka pole hapakuwepo.

Jumamosi mtoto wa kiume alifika na mnunuzi wa vyuma, mtu mnene mwenye lori na minyororo. Kitindamimba alikuwa ameshafika na wanawe wawili, vumbi la mabasi mawili miguuni. Mnunuzi alikizunguka Kiraka, akagonga bati kwa vidole.

"Huu mlango mmeutoa wapi, hospitali?"

"Zahanati," alisema mzee.

Akaingia. Akakaa kiti cha dereva, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka vizuri pembeni. Tik. Akatikisa gia, akageuza ufunguo. Kiraka kikawaka.

Wajukuu walipiga makofi. Mnunuzi wa vyuma alimtazama aliyemwita. "Bosi, umeniambia maiti."

Mtoto wa kiume alikuja mpaka dirishani. "Baba! Umefanyaje? Spana alisema pampu."

Mzee alimtazama. Shati la kunyooka, mvi mbili tatu pembeni mwa masikio. Maneno yalikuwepo siku hiyo, yote, yamejipanga. Yakachagua yenyewe la kutoka.

"Waya ulikuwa umelegea tu."

Mtoto alisimama. Aliutazama mguu wa baba yake, mtupu juu ya zulia. Kisha macho yakahama taratibu, yakaenda kwenye mlango wa kijani, yakakaa huko.

"Baba," alisema, sauti imeshuka. "Ule mlango..."

"Una nini?"

Injini ilinguruma baina yao.

"Rangi imebabuka," alisema mtoto.

"Nitaupaka."

"Nitakuja kukusaidia."

"Njoo."

Hayo tu. Mnunuzi akaondoka na minyororo yake mitupu.

Sasa mzee angeweza kukibakisha. Kimeshakuwa kizima, hakuna wa kukiita chuma tena. Angekaa nacho ukutani, chai asubuhi, mpaka siku yake. Hiyo ndiyo haja yake, na kwa mara ya kwanza ilikuwa mkononi mwake. Lakini wajukuu walikuwa wameshaingia kiti cha nyuma, wanarukaruka, na ndani ya kichwa chake mtu alisema kwa sauti ya kugomba, shukeni, gari si sofa. Miezi minne alikuwa amelifanya sofa.

Akashuka. Akampa kitindamimba ufunguo, maana kuendesha alijifunza akiwa chuoni.

"Peleka watoto shule."

"Baba, mimi sikuja kuomba..."

"Najua. Vua kiatu."

Alimwonyesha kivimbe, chini kwa chini, kaka mtu akiwa amekwenda kufungua geti. "Kidole gumba," alisema. "Ukishuka, tena. Na usimwambie mtu."

"Si ameshajua?"

"Ajue. Usimwambie."

Kitindamimba alitaka wazunguke kidogo kwanza. Mzee alikaa kiti chake. Wajukuu nyuma, futi ya kitambaa shingoni mwa mmoja wao. Walipita barabara ya shule. Geti lilikuwa limefungwa, nguzo zake mbili zimesimama, rangi ya mtu mwingine sasa, mtu mwenye haraka.

Kitindamimba alikohoa kidogo. "Baba, nguzo ile, umeiona?"

Alimtazama mwanawe kwa pembeni. Alikuwa anaangalia mbele, mikono yote miwili juu ya usukani, mdomo umebana.

"Nimeiona," alisema mzee.

Walimrudisha nyumbani, wakaaga, Kiraka kikapotelea kwenye kona kwa sauti ya cherehani.

Kesho yake aliamka, akatia chai kikombeni, akatoka. Miguu ilijiendea yenyewe. Alifika ukutani, akanyoosha mkono, na mkono ukakuta hewa. Chini palikuwa na mstatili wa ardhi kavu na doa la oili, ukubwa wa sahani. Alisimama hapo hapo, kikombe mkononi, kiatu kimoja akakivua bila sababu, mguu wa kushoto juu ya ardhi baridi.

Jirani alipita. "Mzee! Leo mbona kwa miguu?"

 Mzee aliinua kikombe kumsalimu, jirani akacheka, akapita. Chai ilipoa kabla haijaisha.